Rubani Aliyeruka kwa Maneno

Sikilizeni, watu wangu, hasa ninyi mnaobeba kazi mbili na kulala nusu usingizi. Haya yalitokea katika mji wetu wa Brekken Falls, mahali ambapo kila nyumba ina mtu mmoja anayekula kwa ng'ombe, ama kwa kumkamua, ama kwa kusindika maziwa yake. Mengine niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona alinisimulia Marlys Tollefson, jirani yangu, tukiwa jikoni kwake, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, majira ya vuli. Ukumbi ulio chini ya kanisa ulijaa harufu ya samaki wa kukaanga, na watu walikaa kwenye meza ndefu wakimla na kabichi na mkate mweusi. Mimi nilikaa na kina Tollefson: Rolf, mkewe Marlys, na binti yao Kirsten, aliyekuwa ametoka tu kupata leseni ya udereva.

"Nasikia polisi wote wa wilaya wameomba likizo," Rolf alimtania. "Wanasema hawatii mguu barabarani mpaka Kirsten achoke kuendesha."

"Ah, baba! Wewe unayeendesha ndege nzima, nani juzi kagonga pipa la taka?"

Tulicheka. Marlys alimfuta mumewe sosi kidevuni kama mtoto. Ungeiona familia ile ungesema, hawa wamebarikiwa.

Ndipo akaja Vern Jablonski, mkuu wa matangi ya maziwa kiwandani kwetu, sahani mkononi. Hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti cha Rolf na kupaza sauti isikike meza tatu.

"Meja, nasikia wiki ya kulungu mwaka huu unaruka tena."

"Nimeitwa, Vern."

"Ajabu ya jeshi lenu! Maadui wa nchi hii hawaonekani mwaka mzima, ila msimu wa kuwinda ukifunguliwa tu, hao!"

Watu wakaguna. Rolf aliweka uma chini. "Unataka kusema nini?"

"Nasema ng'ombe hawana jeshi la akiba. Wanakamuliwa kila siku, na maziwa yanamiminika kwangu kila siku. Mwaka wa nne huu sijaenda porini, kwa sababu kuna bwana mkubwa yuko mawinguni."

Marlys aliruka. "Aibu, Vern! Mume wangu anatumikia nchi, wewe unatumikia tumbo. Nenda kale!"

Vern alicheka, akaenda. Rolf alikaza macho kwenye sahani, shingo imemwiva, nami nikadhani anameza hasira. Sikujua alikuwa anameza nini.

Turudi nyuma kidogo. Rolf alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha jibini, kazi ya siku zote, ya mshahara na pensheni. Na alikuwa rubani wa jeshi la akiba, yaani raia anayeitwa jeshini kwa siku chache chache. Kikosi chake kilirusha ndege za mizigo kutoka kambi iliyokuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Watu hudhani rubani wa akiba huitwa wikiendi moja kwa mwezi, basi. Wanajidanganya. Rubani asiporuka mara kwa mara mkono wake unakuwa mzito, kwa hiyo huitwa katikati ya wiki, huitwa sikukuu, huitwa kwa mitihani. Kwa miaka mingi Rolf aliyabeba yote mawili kwa haki. Nilikuwa namwona akiingia zamu macho mekundu, ametua asubuhi ile ile, naye anakagua kila tangi kama kawaida. Mtu yule alifanya kazi.

Nasi tulimlipa nini? Chuki. Nasema tulimlipa, maana kiwanda kizima kilinuna. Sheria inamkataza mwajiri kumzuia mwanajeshi akiitwa, basi bosi wetu, Lorraine Dietz, alimwachia huku anasaga meno, na kazi yake wakagawana wengine. Na wiki ya kulungu ndiyo ilikuwa donda lenyewe. Wiki hiyo kila mwanamume wa kwetu na nusu ya wanawake huvaa fulana ya rangi ya chungwa, wasije wakapigana risasi, na kuingia msituni kuwinda, lakini kiwanda hakifungwi, kwa hiyo likizo hupigiwa kura kwa vijikaratasi ndani ya kofia. Mwaka mmoja Rolf aliitwa kikosini kweli kweli, wiki hiyo hiyo. Alirusha vifaa kwenda kusini kulikopigwa na kimbunga. Aliporudi na kufungua kabati lake la nguo kiwandani, alikutana na kichwa cha kulungu, macho wazi, damu imekauka, kimevishwa kofia ya rubani ya karatasi.

Alikitoa kwa mikono yake, akakitupa, akapangusa kabati. Hakumshitaki mtu. Lakini siku ile kitu kilikatika ndani yake. Baadaye alimwambia Marlys maneno haya: "Nilijiambia, kama nachukiwa nikiwa na haki, basi heri nichukiwe nikiwa na raha."

Mwaka uliofuata alimwambia Lorraine ameitwa. Lorraine hakuuliza, hakuwahi kumuuliza. Rolf akaenda kwenye kibanda cha mbao huko kaskazini, peke yake, na bunduki na chupa, akawinda. Alipokuwa anarudi aliingia choo cha kituo cha mafuta, akavua fulana ya chungwa, akavaa suti yake ya kurukia, akaingia nyumbani akipokewa kama shujaa.

Uongo ukinoga hautosheki. Kiwanda kikimchosha, aliitwa na kikosi. Kikosi kikimchosha, kiwanda kilikuwa na ukaguzi. Pande zote mbili zilimhurumia. "Maskini Rolf, hana pumziko," walisema huku, na kule wakasema vile vile. Naye katikati akawa na siku zake mwenyewe, ambazo hakuna aliyejua zipo.

Sasa nimlete mtu mwingine, maana bila yeye nisingeipoteza jioni yangu kuwasimulia. Aliitwa Denise Okray, binti mpimaji wa maziwa katika maabara ya kiwanda. Naye pia alikuwa rubani wa akiba, ila wa kikosi kingine: alirusha helikopta ya kubebea wagonjwa. Denise alikuwa na utaratibu. Akiitwa, alimtafuta kila mtu aliyemfanyia zamu na kumrudishia zamu yake, pamoja na keki ya tufaha juu. Hata Vern alishindwa kumchukia vizuri. Na Denise alimheshimu Rolf kuliko baba yake mzazi.

"Mzee yule anajitoa mhanga," alimwambia Vern mbele yangu. "Wewe hujawahi kutua na ndege upepo ukiipiga ubavuni, halafu ukaja kukagua matangi."

"Na wala sitaki," Vern akajibu. "Mimi nataka kulungu mmoja tu. Mmoja!"

Wiki ya kulungu ikafika. Rolf akaaga Jumamosi alfajiri. Zamu yake ya usiku haikuwa na mtu, na waliokuwa wameshinda kura hawakukubali kurudi. Denise akaichukua. Wiki nzima. Wakati huo huo alikuwa na siku mbili za mazoezi kikosini kwake, lakini rubani haruhusiwi kushika usukani bila kulala, basi akapiga simu akaomba radhi. Zingatieni hapo, watu wangu: aliyeitwa kweli hakuruka, ili ambaye hakuitwa aende kuwinda.

Jumanne, giza likianza kuingia, Kirsten alikuwa anarudi kutoka mazoezi ya mpira wa wavu. Kulungu dume, akikimbia milio ya bunduki, aliruka kutoka kwenye shamba la mahindi makavu hadi juu ya gari lake. Gari liliacha barabara, likajigonga kwenye nguzo ya umeme. Mguu ulivunjika mara mbili na bandama ikapasuka. Walimwingiza chumba cha upasuaji kabla mama yake hajafika.

Marlys alimpigia Rolf. Simu haikuita. Akapiga tena na tena, kisha akapiga kambini, akijua hata rubani akiwa angani kuna njia ya kumfikishia habari. Wakamuunganisha na mkuu wa kikosi, Kanali Estelle Quarles.

"Kanali, samahani. Mimi ni mke wa Meja Tollefson. Binti yetu amepata ajali mbaya. Tafadhali mshusheni."

"Mama, pole sana. Lakini Rolf hayuko hapa. Alituambia kiwanda kina ukaguzi, hawezi kuja mwezi huu." Kisha, polepole, "Na mwezi uliopita pia. Mama? Uko hapo?"

"Nipo," alisema Marlys.

Aliniambia kwamba wakati ule mawazo ya mwanamke mwingine hayakumjia hata kidogo. Alifikiri Rolf amekufa mahali, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua aende kumtafuta wapi. Alikaa kwenye korido ya hospitali siku mbili akimlilia mtoto kwa jicho hili na mume kwa jicho lile. Polisi walitafuta gari lake kwenye barabara ya kambini. Wangelipataje, wakati lilikuwa upande wa pili wa jimbo?

Denise alikuja hospitali asubuhi akitoka zamu, koti la maabara bado mwilini. Marlys alimweleza. Denise alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi sakafuni, palepale, mgongo ukutani.

Alhamisi ilikuwa Siku ya Shukrani, sikukuu ambayo kila nyumba huoka bata mzinga. Nilikuwa napeleka bakuli la viazi mlangoni kwa Marlys, ili akirudi kubadili nguo akute chakula, nikaona gari la Rolf linaingia. Akashuka amevaa suti ya kurukia, imenyooka, zipu mpaka kooni.

"Ardis! Wako wapi watu wangu? Mbona sisikii harufu ya bata mzinga?"

Nilimtazama. Buti zake zilikuwa na matope ya msituni, na chini ya kucha zake palikuwa na damu nyeusi, ile isiyotoka kwa sabuni ya choo cha kituo cha mafuta.

"Mwanao yuko hospitali tangu juzi," nilimwambia. "Nenda."

Alikwenda kama alivyo. Marlys alikuwa dirishani chumbani kwa Kirsten. Denise alikuwepo pia, akijiandaa kwenda zamu. Zamu yake Rolf.

"Mungu wangu," Rolf alisema, akimkimbilia binti. "Mungu wangu. Nimeambiwa sasa hivi. Tulikuwa angani, simu haikuwa—"

"Ulikuwa wapi?" Marlys aliuliza.

"Kikosini. Marlys, nakwambia tulikuwa—"

"Nimezungumza na Kanali Quarles." Marlys alishusha macho kwenye buti zake zenye matope na kucha zake zenye damu.

Hapo mtu mwenye akili angepiga magoti. Rolf alijaribu mara moja zaidi. "Kanali hajui kila safari. Kuna kazi nyingine ambazo—"

"Rolf!" Sauti ya Marlys iliwatoa wauguzi vyumbani. "Nilikutafuta mochwari! Unasikia? Nilipiga simu mochwari tatu nikiwaelezea kovu la bega lako! Na wewe ulikuwa unapiga shabaha!"

Denise alitoka bila kumtazama. Kirsten, ambaye wote walidhani amelala, alifungua macho.

"Baba," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "vua hiyo nguo."

Habari ilifika kiwandani kabla ya bata wa watu kupoa. Jumatatu Lorraine alimwita Rolf, na hakumkalisha. "Nilikuamini mpaka nikaona haya kukuuliza," alimwambia. "Chukua vitu vyako." Kikosini nako Kanali Quarles alimwondoa kwenye orodha ya marubani siku hiyo hiyo. Inasemekana alimwuliza swali moja tu: iwapo, katika miezi ile ya uongo, aliwahi kufikiri ni nani aliyekuwa anaruka mahali pake.

Vern alifurahi kama mtu aliyepata urithi. "Nilisema! Sikusema? Mniombe radhi nyote!" Na kwa kuwa Rolf hakuwepo tena wa kupigwa, mawe yakatafuta kichwa kingine. Yakamwona Denise.

Alianza kukuta pembe za kulungu juu ya meza yake ya maabara. Akipita kwenye mashine, mtu anaigiza mlio wa bunduki. Akimwomba mtu wabadilishane zamu, alijibiwa, "Leo unaenda kulenga wapi, dada?" Nilimwambia Vern amwache binti wa watu, hajakosa.

"Samaki mmoja akioza wote wameoza," alinijibu. "Wewe Ardis fungasha jibini."

Masika mto ukafurika, nyumba za bonde zikazama, na kikosi cha Denise kikaitwa kuokoa watu juu ya mapaa. Alikimbia ofisini kuaga.

"Nipe namba ya mkuu wako," Lorraine akasema. "Mpaka nizungumze naye, huondoki."

"Bosi, yuko kwenye mafuriko, hatapokea simu! Watazame hao kwenye runinga, ndio wananisubiri!"

"Hata Rolf alikuwa anasubiriwa."

Ilipita asubuhi nzima kabla ya simu kupokelewa. Denise alipofika uwanjani, helikopta ilikuwa imeondoka na rubani mwingine ambaye hakuwa amelala vya kutosha. Walirudi salama, namshukuru Mungu. Lakini mkuu wake alimwambia hawezi kumtegemea mtu ambaye kazi yake haimwachii. Kiwandani wakampangia zamu ya usiku ya kudumu. Alikuwa na mama mgonjwa wa figo nyumbani, na bima ya matibabu ilitoka kiwandani. Mwezi wa sita alirudisha kofia yake ya rubani kikosini, akaacha kuruka.

Rolf alisikia. Wakati huo alikuwa anaishi chumba cha kupanga juu ya duka la ndoano za kuvulia samaki, anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Asubuhi moja, zamu zikibadilishana, alikuja akasimama katikati ya uwanja wa magari wa kiwanda na kuvua kofia.

"Jamani, nisikilizeni!" alipaza sauti. "Mwongo ni mimi. Denise hajawahi kudanganya hata siku moja. Kama kuna chuki, nipeni mimi."

"Leo umekuja kwa ndege au kwa lori?" Vern akauliza, na wanaume wakacheka.

Denise alitoka, uso umechoka. Kicheko kikafa. Rolf alimwendea. "Binti yangu, nisamehe. Nitakwenda kwa Lorraine, nitakwenda kwa mkuu wako, nitasema chochote."

"Utasema?" Denise alimtazama. "Nani atakusikia ukisema?" Kisha akaongeza, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi: "Zamu nilizokufanyia ningekusamehe, Rolf. Hata helikopta, pengine, siku moja. Lakini ulichukua neno langu. Mimi nikisema 'nimeitwa', hawanisikii mimi. Wanakusikia wewe. Usiniombe msamaha ili wewe upate kulala."

Akaingia garini, akaondoka. Mwezi uliofuata alihamia kwa dada yake huko jimbo la Iowa pamoja na mama yake. Huko anapima maziwa katika kiwanda kingine, na nimeambiwa hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwa rubani.

Kirsten anatembea, ila akipanda ngazi anavuta mguu. Marlys hajamtaliki Rolf wala hajamrudisha. Jumapili humruhusu kuja kula, na akisema anachelewa kwa sababu lori limeharibika, Marlys hunipigia mimi niangalie kama lori kweli limesimama njiani. Nakwenda kuangalia. Mara zote limesimama.

FUNZO

Ndugu zangu, kubeba kazi mbili si dhambi, na kuchoka si dhambi. Siku ambayo Rolf alizidiwa angeweza kwenda kwa Kanali na kusema, nimechoka, nipumzisheni. Au kwa Lorraine na kusema, kichwa cha mnyama kimewekwa kabatini mwangu, nitendee haki. Hapo angepoteza fahari kidogo. Badala yake aliificha aibu yake nyuma ya wito wa heshima, akautumia wito huo kama mtu anayejifunika bendera ili aibe.

Nanyi kina Vern mlioko kila kiwanda na kila ofisi, msijitoe. Mlimchukia mtu alipokuwa mwaminifu, na alipoacha uaminifu mkashangilia. Kisha mkamwadhibu asiye na kosa kwa kuwa alifanana na mwenye kosa.

Mtu akikuamini bila kukuuliza, usidhani amekupa wewe peke yako. Amekukabidhi imani ya wote watakaokuja baada yako kusema maneno hayo hayo. Ukiitafuna, watakufa njaa wao, nawe utakuwepo kuwaona.